Anger Management: Vipindi 90 Vilivyomrudisha Charlie Sheen na Kumchosha

Katika sekunde za mwanzo kabisa za komedi ya televisheni ya Anger Management, mwigizaji Charlie Sheen, aliyekuwa amefukuzwa kwenye komedi ya Two and a Half Men mwaka mmoja kabla, anaikazia macho kamera na kufoka kwamba hawezi kufukuzwa kwa sababu anaacha kazi mwenyewe, na kwamba wakitaka kumweka mtu mwingine mahali pake na waendelee, lakini mambo hayatakuwa yaleyale. Kisha kamera inarudi nyuma, nasi tunatambua kwamba maneno hayo anaiambia sanamu ya mpira ya kupigia ngumi, na kwamba amezungukwa na wagonjwa wake anaowafundisha namna ya kuitoa hasira. Kila Mmarekani aliyewasha televisheni usiku wa tarehe 28 Juni 2012 alijua ujumbe ule ulikuwa wa nani. Kwa dakika moja hivi mtazamaji alipata kila alichokuwa amekisubiri kwa mwaka mzima, na ni haki kusema kwamba dakika ile ilitengenezwa kwa ufundi.

Nimeitazama komedi hii yote, mara nyingine nikirudia kipindi kimoja ili kuona kilichokuwa kimebadilika, na hukumu yangu ni kwamba vipindi 10 vya kwanza vilikuwa kazi ya heshima, ya kawaida lakini ya heshima, na kwamba kilichoiharibu hakikuwa tabia ya mwigizaji mkuu peke yake kama inavyosemwa, bali pia ule mkataba wa kuiongezea vipindi 90 kwa mpigo. Mashabiki walishangilia nyongeza ile kama ushindi wa mtu wao. Mimi naiona kuwa ndiyo iliyomnyima Sheen nafasi ya kurejea ulingoni kwa maana halisi ya neno hilo.

Ili kuelewa kilichokuwa kinauzwa mwaka 2012, inabidi kurudi kwenye Two and a Half Men, iliyoanza kurushwa na kituo cha CBS mwezi Septemba 2003. Humo Sheen alikuwa Charlie Harper, mtunzi wa vinyimbo vya matangazo ya biashara, bwana mwenye nyumba ya ufukweni Malibu, mashati ya mikono mifupi, piano sebuleni na glasi isiyokauka mkononi. Kaka mtu na mdogo mtu wanajikuta chini ya paa moja pale Alan, aliyeigizwa na Jon Cryer, anapoachwa na mkewe na kuhamia kwa Charlie pamoja na mwanawe Jake, aliyeigizwa na Angus T. Jones. Nyuma yao yuko Berta, mfanyakazi wa nyumbani asiyemwogopa tajiri wake hata kidogo, nafasi ambayo marehemu Conchata Ferrell, aliyefariki mwaka 2020, aliimiliki kiasi kwamba akiingia tu jikoni unajua mtu ataumbuliwa.

Wanaosema kwamba Sheen alikuwa mlevi aliyelipwa kujiigiza mwenyewe hawakumtazama vizuri. Kazi yake mle ndani ilikuwa ngumu. Cryer anahangaika, anapaza sauti, anajikwaa, anabembeleza, anajitetea kwa maneno hamsini. Sheen anasimama palepale, uso mkavu, anangoja nusu sekunde, kisha anajibu neno moja au mawili yanayoumaliza ubishi. Kicheko kinatoka kwenye ile nusu sekunde. Akiwahi, utani unakufa. Akichelewa, unakufa vilevile. Cryer alitunukiwa tuzo ya televisheni ya Emmy mara mbili kwa tamthilia hiyo, mwaka 2009 na mwaka 2012, ilhali Sheen aliteuliwa mara kadhaa na hakuondoka na hata moja, jambo ambalo bado naliona si la haki, kwa kuwa katika uchekeshaji wa namna ile mmoja hachekeshi bila mwenzake.

Sasa tuje kwenye mikataba, maana hapo ndipo hadithi hii ilipoharibikia. Mwaka 2009 CBS waliiongezea tamthilia hiyo misimu mitatu kwa pamoja. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo Sheen alikamatwa mjini Aspen, Colorado, kwa tuhuma za kumshambulia mke wake wa wakati huo. Mapema mwaka 2010 aliingia kwenye kituo cha matibabu ya uraibu na upigaji picha ukasimama. Mwezi Mei alitia saini mkataba mpya wa miaka miwili, ambao vyombo vya habari viliripoti kuwa ulimpatia karibu dola milioni 1.8 kwa kila kipindi. Mwezi Agosti alikiri kosa la shambulio mahakamani, akaamriwa, pamoja na mambo mengine, kukaa siku 30 kwenye matibabu na kuhudhuria saa 36 za ushauri wa kudhibiti hasira. Ukizipanga tarehe hizo kwa mfuatano wake, unaona wazi kwamba mkataba ule mnono ulitiwa saini baada ya kukamatwa na kabla ya hukumu. Kuna mwanamke aliyeumizwa katika mfuatano huo, na nashangaa jinsi anavyosahaulika kila mara mashabiki wanapoanza kuhesabu mamilioni.

Kilichofuata kinajulikana. Januari 2011 upigaji picha ulisimama tena ili Sheen apate matibabu. Februari alimshambulia kwa maneno hadharani mtunzi mkuu wa tamthilia, Chuck Lorre, ambaye naye alikuwa ameshaanza kumpiga vijembe kupitia maandishi mafupi anayoyaweka mwishoni mwa kila kipindi. Na tarehe 7 Machi 2011 kampuni ya Warner Bros. ikamfukuza kazi. Msimu wa nane ukaishia kwenye kipindi cha 16. Sheen alifungua kesi ya kudai dola milioni 100, wakamalizana nje ya mahakama mwezi Septemba, na mwezi huohuo Ashton Kutcher akachukua nafasi yake mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 28, katika kipindi kilichoanza na mazishi ya Charlie Harper. Kati ya Machi na Septemba dunia ilimtazama mgonjwa akizungumza kwenye televisheni bila kupumzika, ikachapisha misemo yake kwenye fulana, na ikanunua tiketi alipozunguka majukwaani katika miji ya Marekani na Kanada. Nilizitazama baadhi ya picha hizo tena kabla ya kuandika tathmini hii na sikuona cha kucheka. Mashavu yamebonyea, maneno yanamtoka mbio, na kila anayemhoji anamwachia aendelee kwa sababu watazamaji wanaongezeka.

Ni vema pia kukumbuka jambo ambalo wengi wa mashabiki wake hulipuuza: Sheen mwenyewe aliingia kwenye komedi za televisheni kwa kuchukua nafasi ya mtu mwingine. Mwaka 2000 Michael J. Fox alipolazimika kuiacha Spin City kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson, Sheen ndiye aliyeletwa, akaibeba hadi ilipokwisha mwaka 2002 na akapata tuzo ya Golden Globe. Kwa hiyo ile kauli ya mwanzo wa Anger Management, kwamba akiwekwa mtu mwingine mambo hayatakuwa yaleyale, ilikuwa inatoka kinywani mwa mtu aliyewahi kuthibitisha kwamba yanaweza kwenda vizuri.

Jina Anger Management, yaani kudhibiti hasira, lilitoka kwenye filamu ya mwaka 2003 ya Adam Sandler na Jack Nicholson, lakini kwa mtu aliyekuwa ameamriwa na mahakama kuhudhuria ushauri wa aina hiyohiyo, jina hilo lilikuwa na uzito wake. Bruce Helford ndiye aliyeiunda tamthilia. Sheen ni Charlie Goodson, mchezaji wa zamani wa besiboli ambaye hasira zilimfanya ajaribu kulivunja gongo kwa goti lake mwenyewe, akapoteza kazi, akasomea ushauri nasaha, na sasa anawapokea wagonjwa sebuleni kwake na kuwahudumia bila malipo wafungwa gerezani. Ana mtalaka, Jennifer, aliyeigizwa na Shawnee Smith, ana binti kijana, Sam, aliyeigizwa na Daniela Bobadilla, na ana rafiki ambaye pia ni mshauri, Dkt. Kate Wales, aliyeigizwa na Selma Blair, ambaye analala naye huku akimhitaji kama daktari wake. Wazo hili ni zuri: mtu anayetibu ugonjwa alionao. Vipindi vya mwanzo vinalitumia vizuri, hasa pale Charlie anapowapa wagonjwa ushauri asubuhi na kuuvunja yeye mwenyewe kabla ya chakula cha jioni, mbele ya binti anayeona kila kitu.

Mkataba wenyewe uliandaliwa na kampuni ya Debmar-Mercury, iliyo chini ya Lionsgate, kwa mtindo ambao kampuni hiyo ilikuwa imeshautumia kwenye House of Payne, komedi ya Tyler Perry. Kituo kinanunua vipindi 10 vya majaribio. Watazamaji wakifikia idadi iliyokubaliwa, kinalazimika kuagiza vingine 90 papo hapo. Usiku wa kwanza kituo cha FX, kilichoinunua Anger Management, kilipata zaidi ya watu milioni 5, idadi kubwa sana kwa komedi ya kituo cha kebo, na Agosti 2012 vipindi 90 vikaagizwa. FX tayari walikuwa wakirusha marudio ya Two and a Half Men, hivyo uso wa Sheen ulikuwa umeshazoeleka kwa watazamaji wao, na kwa mtu wa mahesabu jambo lile lilikuwa halina hatari.

Kwa nini 100? Kwa sababu biashara kubwa ya komedi za Marekani iko kwenye marudio. Vituo hununua tamthilia ili vizirushe kila siku ya kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, na vipindi 100 vinatosha kujaza majuma 20 bila kurudia. Tamthilia ya kawaida ya kituo kikubwa hutoa vipindi 22 hadi 24 kwa mwaka, kwa hiyo 90 ni kazi ya miaka minne au karibu nayo. Anger Management ilimaliza vyote tarehe 22 Desemba 2014, miaka miwili na nusu tangu ilipoanza. Inaripotiwa pia kwamba Sheen alikuwa na hisa katika mapato yake, na sioni ubaya mtu kumiliki jasho lake, ila hisa hizo zilimweka katika hali ambayo kila siku ya mapumziko ilikuwa inamgharimu yeye mwenyewe.

Matokeo ya mwendo ule yanaonekana kwenye kioo. Kuanzia msimu wa pili visa vinaanza kufanana: Charlie anamdanganya mtu, anadanganya tena ili kuufunika uongo wa kwanza, anabainika, anaomba radhi, kicheko cha kurekodiwa kinapigwa, basi. Wagonjwa wa sebuleni, ambao walianza wakiwa watu wenye historia, kama yule mzee Ed wa Barry Corbin anayemchukia kila asiyefanana naye, wanageuka kuwa mashine za kutoa mstari mmoja kila mmoja kwa zamu. Mandhari hayabadiliki: kochi lilelile, baa ileile, jiko lilelile. Na Sheen, bingwa wa nusu sekunde, anaacha kungoja. Anayatoa maneno yake kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya kununua, na mara nyingine macho yanamtoroka yule anayezungumza naye. Mwigizaji wa aina yake anahitaji mazoezi na mwenzake wa kumkabili; hapa alipewa kasi.

Selma Blair aliondoka katikati ya mwaka 2013, na habari zilizoripotiwa wakati ule zilisema kwamba chanzo kilikuwa mvutano kati yake na Sheen kuhusu mwenendo wa kazi. Laura Bell Bundy aliletwa kama mshauri mpya, Jordan, akajitahidi sana, lakini tamthilia ilikuwa imempoteza mtu pekee aliyeweza kumkabili Charlie Goodson kwa akili na kumfanya ajikaze. Nadhani mtazamaji anaweza kuacha hapo bila kupungukiwa na kitu kikubwa.

Isipokuwa kwa mambo mawili. La kwanza ni Brett Butler. Anaigiza mhudumu wa baa, jina la mhusika ni Brett vilevile, na nafasi yenyewe ni ndogo. Butler alikuwa nyota wa Grace Under Fire, komedi ya ABC iliyoanza mwaka 1993 na kukatizwa mwaka 1998 huku yeye akizama kwenye uraibu wa dawa za kutuliza maumivu. Aliyeiunda Grace Under Fire alikuwa Chuck Lorre. Basi kila Sheen anapoegemea kaunta na Butler kumsogezea glasi, tunawatazama watu wawili waliopitia mikononi mwa mtunzi yuleyule, walioporomoka kwa namna zinazofanana, mmoja akiwa amerudi kwa shangwe na mwenzake akiwa amepewa sentensi tatu. Butler anazisema sentensi zake tatu kikamilifu, kwa sauti iliyochoka na macho yaliyo hai. Laiti vipindi vichache kati ya vile 90 vingepewa yeye.

La pili ni Martin Sheen, baba yake mzazi, anayeigiza kama baba wa Charlie Goodson. Alianza kama mgeni, kisha akawa anarudi mara kwa mara. Martin Sheen mwenyewe aliwahi kuwa mraibu wa pombe akaacha, na mwaka 1998, baada ya mwanawe kunusurika kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya, ndiye aliyekwenda kwa mamlaka kueleza kwamba mwanawe amekiuka masharti ya mahakama, ili alazimishwe kutibiwa. Wakiwa pamoja mbele ya kamera kitu kinabadilika. Baba hamwogopi wala hamsujudii nyota. Anamkatiza, anamwangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyoandikwa, na Charlie analazimika kungoja. Vipindi hivyo ndivyo ninavyovihifadhi.

Mashabiki waaminifu wana hoja yao, na si hoja dhaifu. Wanasema mtu aliyefukuzwa mbele ya dunia nzima alirudi ndani ya mwaka mmoja na kidogo, akamaliza mkataba wote wa vipindi 100, hakukwamisha kazi kama zamani, na akawapa riziki mamia ya watu. Wanasema pia kwamba Two and a Half Men bila yeye haikuwa na ladha, ingawa iliendelea hadi Februari 2015. Hoja ya ladha nakubaliana nayo kwa kiasi kikubwa. Kutcher ni mwigizaji mwenye bidii, lakini Alan alikosa mtu wa kumkwaza. Hoja ya kumaliza mkataba inanipa shida zaidi. Novemba 2015 Sheen alitangaza kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, kwamba alikuwa amelifahamu hilo kwa takriban miaka minne, na kwamba alikuwa akiwalipa watu fedha nyingi ili wasimtangaze. Kwa hesabu hiyo, komedi nzima ya Anger Management ilipigwa picha akiwa amebeba siri ile, akiwa bado anakunywa, maana pombe aliiacha mwezi Desemba 2017. Tulichokiita kurejea kilikuwa mtu mgonjwa anayekwenda kazini kila asubuhi kwa sababu mkataba hauna mahali pa kusimama. Shabiki anayempenda kwa dhati angepaswa kuuliza kwa nini hakuna aliyeandika kifungu cha kumruhusu apumzike.

Kurejea kwenyewe kulikuja baadaye, na kulikuwa kudogo. Mwaka 2023 Sheen na Lorre walipatana, na Lorre akamwalika kwenye Bookie, komedi yake kuhusu wakusanya kamari wa Los Angeles, inayoongozwa na Sebastian Maniscalco na Omar Dorsey. Sheen anaigiza kama yeye mwenyewe, anakutwa kwenye kituo cha kutibu waraibu akiwa na wenzake kwenye meza ya karata, na mmoja wa waliokaa mezani ni Angus T. Jones, yule mtoto Jake, sasa mtu mzima mwenye ndevu. Ni dakika chache tu. Lakini humo Sheen ametulia, anasikiliza, anangoja, na majibu yake yanatua pale yanapopaswa kutua. Kwa macho yangu dakika zile zina thamani kuliko msimu wa pili mzima wa Anger Management, na zilipatikana kwa sababu kulikuwa na muda, kulikuwa na mtunzi anayeujua uwezo wake, na kulikuwa na mtu aliyekwisha kupona kiasi cha kuweza kufanya kazi.

Kwa anayetaka kuitazama Anger Management leo, ushauri wangu ni aanze na vipindi 10 vya mwanzo kwa mpangilio wake, asiruke vile vya gerezani, kisha achague vipindi alivyomo Martin Sheen na kuviacha vingine vipite. Akimaliza na aitafute Bookie, ingawa nayo ilikatizwa baada ya misimu miwili. Na kwa mashabiki ambao tangu filamu ya maisha yake ilipotoka kwenye Netflix mwezi Septemba 2025 wanaomba apewe tena tamthilia ya kuiongoza, mimi nipo upande wao, kwa masharti haya: vipindi visizidi 10 kwa mwaka, apewe mwenzake mwenye nguvu kama Cryer, Brett Butler naye atafutiwe nafasi inayomstahili, na mkataba uwe na kifungu kinachosema kwamba mwigizaji yeyote akiomba matibabu, kazi inasimama na mshahara wa mafundi unaendelea kulipwa.